Babu alifia mgodini Kakamega: mfuate mjane wake kwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Shela, Malindi, ingawa asili yetu ni Lamu, mtaa wa Langoni. Nyanya yangu mzaa mama ana miaka tisini na kitu. Babake alikuwa fundi seremala. Alikwenda bara kufanya kazi kwenye dhahabu ya Kakamega, akafa kwa kuangukiwa na shimo, nyanya akiwa bado ananyonya. Kilichorudi Lamu ni sanduku la vyombo vya kazi na pesa kidogo. Hatuna cheti wala picha. Nimesoma miongozo ya Kiingereza ya kutafuta wazee waliofia migodini: inasema nitafute cheti cha kifo, uchunguzi wa mahakama na orodha ya mkaguzi wa migodi. Nimehangaika miezi sita, sijaona hata jina. Je, ni kweli alifia mgodini? Alizikwa wapi? Na nianzie wapi, mimi nisiye na nauli ya kwenda Nairobi kila wiki?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na nyanya mwamkie kwa niaba yangu.

Miongozo hiyo haikukudanganya, ila iliandikiwa watu wa kwao. Uingereza na Wales zilianza kuandikisha vifo mwaka 1837, na tangu 1850 serikali yao ilikuwa na wakaguzi wa migodi ya makaa ya mawe waliotoa ripoti za ajali. Mgodi wa Senghenydd, huko Wales, ulipolipuka tarehe 14 Oktoba 1913 na kuua wachimbaji 439, marehemu wale walibaki na majina yao, umri wao, na nyumba walizotoka asubuhi ile. Kitukuu wa mmoja wao akikaa mbele ya kompyuta jioni moja huenda akampata mzee wake kabla chai haijapoa. Wewe ukishika njia yake utakesha bure. Kenya, sheria ya kuandikisha vifo kwa lazima ilikuja kuenea nchi nzima mwaka 1971. Cheti unachokitafuta hakikupotea. Hakikuandikwa.

Sasa irudie barua yako mwenyewe, pale uliposema kilichorudi Lamu ni sanduku na pesa kidogo. Umeipita sentensi hiyo mbio mbio, na mimi nimekwama papo hapo. Pesa ya maiti haitembei peke yake kutoka Kakamega hadi Langoni. Ama ililetwa mkononi na mtu wa Lamu aliyekuwa naye kule, ama ilipita serikalini: mwajiri akampa bwana wilaya wa Kakamega, yeye akamwandikia mwenzake wa Lamu, wa Lamu akamwita liwali au kadhi, na kadhi akawaita warithi. Kwenye njia hiyo ya pili kila aliyepokea aliweka sahihi. Karani wa idara ya madini alitosheka kuandika kwamba mwaka fulani walikufa wenyeji kadhaa. Karani wa pesa hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu hesabu yake haifungi mpaka aseme ni pesa za nani, mwana wa nani, wa wapi, na zimepewa nani. Kwa hiyo geuza msafara wako. Umeanza na shimo. Anza na mjane na mtoto wake, na njia hiyo inaanzia Lamu, pua na mdomo na kwenu.

Kabla ya yote tupate mwaka. Bila mwaka, mafaili ni bahari.

Dhahabu ya Kakamega ilizuka mwaka 1931, pale L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa na shamba upande wa Turbo, alipoipata kwenye mito ya kule. Mwaka uliofuata serikali ikampeleka mwanajiolojia Sir Albert Kitson kuikagua, na mwisho wa mwaka huohuo ikabadilisha sheria ya ardhi za wenyeji iliyokuwa haijamaliza hata miaka mitatu, ili wachimbaji wapate nafasi. Kelele zake zilifika mpaka bunge la London. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulidumu mpaka 1952. Basi kama nyanya amepita tisini na alikuwa hajaachishwa ziwa, babake hakufa kabla ya 1931, wala sidhani alivuka 1937. Tayari tumebakiwa na miaka sita au saba.

Kuipunguza zaidi ni kazi ya mazungumzo, na usimwulize nyanya mwaka. Mwulize mambo. Kifo kilikuja kabla au baada ya Habib Swaleh, yule sheikh mkubwa wa Lamu, kufariki? Hapo ni 1935, na hakuna nyumba ya zamani Lamu isiyokuwa na kumbukumbu ya msiba ule. Kabla au baada ya nzige? Wakati Mtaliani anapigana na Wahabeshi? Vita hivyo vilianza Oktoba 1935, na mpaka wa Lamu uko karibu na Wasomali, kwa hiyo habari zake zilifika kwenye baraza za mji. Kisha mwulize hitima ya babake ilikuwa ikisomwa mwezi gani. Watu husahau mwaka, ila mwezi wa hitima hushikwa na wanawake wa nyumba kizazi baada ya kizazi. Akisema ni Mfunguo Sita, siku za Maulidi, umepata robo ya kazi yako bila nauli.

Halafu omba uonyeshwe msahafu wa nyumba. Wazee wetu wengi waliandika tarehe za kuzaliwa na kufa kwenye karatasi ya mwanzo au ya mwisho, kwa herufi za Kiarabu. Ukiikuta tarehe, igeuze kwa uangalifu. Mwaka 1355 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Machi 1936 ukaisha Machi 1937. Kwa hiyo mwaka mmoja wa Hijria hukupa miaka miwili ya Kizungu, na ni mwezi ndio unaoamua. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma mafaili ya mwaka mzima, siku mbili nzima na vumbi la karatasi puani, nikitafuta mirathi ya mtu aliyekufa Mfunguo Tatu. Nilikuwa nimesahau kwamba Mfunguo Tatu ni mwezi wa mwisho wa mwaka wa Hijria, na hesabu yangu ilikuwa imeniangusha mwaka wa Kizungu uliotangulia.

Jambo jingine la kumwuliza: alikwendaje? Kwa mtu wa Lamu wa siku zile “Kakamega” lingeweza kuwa jina la dhahabu yoyote ya bara. Kulikuwa na Lupa, upande wa Chunya, na Geita, zote Tanganyika. Na huku kwetu kulikuwa na Macalder, Nyanza ya Kusini. Kama nyumbani wanasema alipanda gari la moshi Mombasa akashuka Kisumu, au Yala, au Butere, hapo ni Kakamega. Wakisema alivuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza, fikiria Geita. Na kama alipitia Dar es Salaam, basi safari yako ni ya Tanzania na mafaili yake yako huko.

Je, hilo sanduku lipo? Kama lipo, liinueni mlitazame chini na ndani ya kifuniko. Nimeona masanduku ya zamani yenye kibandiko cha reli bado kimeshika, jina la stesheni linasomeka. Na kama kuna barua, hata kipande, tazama muhuri wa posta kabla ya maneno. Ikiwa imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, usiisome peke yako ukashika jina la mahali kwa haraka. Waandishi wa zamani walitumia herufi moja kwa sauti zaidi ya moja: p waliiandika kama b, na g wengine waliiandika kama gh, wengine kama k. Mpe mzee aliyesoma hati hizo tangu utoto, Lamu bado wapo, na mwache aisome yote kwa sauti. Jina lililokupita wewe, yeye atalisikia.

Sasa hiyo ajali. Hapa nitakaa kidogo, maana namna familia inavyosimulia kifo huweza kukueleza alifanya kazi kwa nani.

Miaka ya mwanzo Kakamega haikuwa na mashimo marefu. Watu walichimba mitaro na visima vifupi kando ya mito wakaosha changarawe kwenye mifereji ya mbao. Udongo wa kule ni mwekundu na laini, na mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha alasiri. Ukuta wa mtaro uliokauka asubuhi unalewa maji mchana, kisha unamwagika wote kwa pamoja juu ya aliye chini. Hakuna mlio wa kumwonya. Hayo ndiyo “kuangukiwa na shimo” kwa maana yake halisi, na kifo cha namna hiyo kilitokea hata kwa mwenye leseni mdogo aliyekuwa na vibarua ishirini.

Baadaye kampuni zilifuata dhahabu ndani ya mwamba mweupe, chini kwa chini. Huko watu waliteremka kwa ngazi au kwa ndoo ya winchi, wakatoboa jiwe na kulipasua kwa baruti. Vifo vyake ni vingine: kamba kukatika, jiwe la darini kuchomoka, baruti iliyokataa kulipuka jana kuguswa na patasi leo. Kuna na moshi wa baruti. Mtu anarudi kazini mapema kabla haujatoka, anapanda juu akilalamika kichwa, anakufa usiku kambini. Familia ikisimulia kwamba “alitoka mzima jioni, asubuhi hakuamka”, watu wa nyumbani husema ni sihiri. Mimi hufikiri moshi.

Na babu yenu alikuwa seremala. Fundi wa mbao kwenye machimbo ana kazi ya kutengeneza mifereji ya kuoshea, ngazi na jukwaa la winchi, na juu ya yote kuweka nguzo na mbao za kuzuia kuta na dari zisianguke. Anayeweka nguzo huingia mahali ambapo nguzo bado hazijawekwa. Kwa hiyo habari ya kuangukiwa inaingia akilini vizuri sana kwa kazi yake, zaidi ya ambavyo ingeingia kwa mpishi au karani. Haithibitishi chochote, lakini siioni kama hadithi ya kutungwa.

Idadi nayo ina maana. Nyanya anakumbuka kuambiwa alikufa peke yake au na wenzake? Wakifa watu wengi kwa siku moja, gazeti huandika na gavana hutakiwa kueleza London. Akifa mmoja, na ni Mwafrika, anakuwa tarakimu kwenye jedwali la ripoti ya mwaka ya idara ya madini. Tarakimu hiyo pia si bure: ripoti ikisema mwaka fulani walikufa wangapi na kwa sababu gani, angalau utajua kama habari yenu ina pa kukaa.

Kuhusu kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi cha enzi ya ukoloni. Utaambiwa na wengi kwamba kila mfanyakazi wa enzi ile alikuwa na kipande, kwa hiyo tafuta kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 ikatekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, na ni kweli kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kuingia na kutoka. Lakini kilimhusu “mwenyeji”, na nani ni mwenyeji lilikuwa ndilo suala lenyewe huku mwambao. Mwarabu hakuhesabiwa, na Waswahili wengi waligombana na serikali miaka na miaka wasihesabiwe nao. Mtu wa Langoni angeweza kusimama mbele ya karani wa Kakamega akajiita Mwarabu, karani akaandika Mswahili, na faili jingine likasema Mbajuni. Yote matatu ni yeye. Ukimtafuta chini ya kabila moja tu utampita.

Majina ndiyo usiseme. Tuseme aliitwa Athmani bin Shee. Karani aliyezoea majina ya Kiluhya au ya Kihindi angeweza kumwandika Asumani, Osman, Othman au Usman, na babake akawa Shehe, Sheikh, Shei, au akaachwa kabisa na mahali pake likawekwa neno “Lamu”, kana kwamba Lamu ni jina la mzazi. Andika kwenye karatasi kila namna unayoweza kufikiria, ukiitamka kwa sauti kama mgeni, na uwe nayo kila unapofungua faili. Mwajiri naye nyumbani huenda walimjua kwa jina la utani tu, Bwana Fulani Mrefu au Bwana Miwani. Liandike hilo pia.

Tufike kwa kadhi, ambapo ndipo ninapotaka uweke nguvu zako.

Mtu akifa mbali, kadhi hagawi mali kwa uvumi. Anahitaji mashahidi kwamba kifo kimetokea. Basi kama pesa zile zilipita mbele ya kadhi wa Lamu, huenda palikuwa na mtu aliyesimama akasema: nilimwona, au nilimzika. Jina la mtu huyo ni mali kwako kuliko pesa zenyewe, kwa sababu wajukuu wake nao wana sehemu ya hadithi ambayo nyinyi hamkupewa.

Kisha mgao. Huwezi kugawa mirathi bila kuwataja warithi wote, na ndiyo maana karatasi moja ya mirathi hukupa mti wa ukoo ambao cheti cha kifo hakikupi. Chukua mfano: marehemu aliacha shilingi 240, mke, binti mmoja, mama aliye hai, na ndugu wa kiume, babake alikwisha kufa. Mke hupata thumuni, sehemu moja ya nane, kwa kuwa kuna mtoto, yaani shilingi 30. Binti nusu, 120. Mama sudusi, sehemu moja ya sita, 40. Shilingi 50 zilizobaki huenda kwa yule ndugu. Sasa igeuze hesabu hiyo. Ukiikuta karatasi ambayo mke amepewa robo, usishangilie, kwa sababu huyo marehemu hakuacha mtoto na si wenu, hata jina likifanana. Ukikuta thumuni imekatwa sehemu mbili sawa, kulikuwa na mke wa pili, na hapo utaamua mwenyewe kama ni habari ya kumpelekea nyanya.

Mjane aliolewa tena? Karibu wote waliolewa. Ndoa na talaka za Kiislamu zimekuwa na sheria ya kuandikishwa tangu 1906, na katika daftari mara nyingi hutajwa kama bibi harusi ni mwari, ameachwa au amefiwa. Tarehe ya ndoa hiyo ni ukuta: mume wa kwanza alikufa kabla yake. Na usishtuke ukiona aliolewa upesi baada ya habari kufika. Eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke alipoambiwa. Habari ikichukua miezi mitano kufika kutoka bara, eda imeshakwisha kabla hajavaa nguo za msiba.

Nenda kwenye afisi ya kadhi Lamu ukiwa na majina hayo, mwaka wako uliopunguzwa na kitambulisho, na uende asubuhi, siku ambayo hakuna kesi nyingi. Sema wazi kwamba hudai mali. Watu wa afisi yoyote ya kadhi wakisikia mtu anauliza mirathi ya miaka tisini nyuma hudhani kuna kiwanja kinakuja kudaiwa. Na kiwanja chenyewe kama kipo usikidharau, kwa sababu hati za ardhi za mwambao, zile zilizotolewa chini ya sheria ya 1908, nazo zina tabia ya kutaja warithi pale nyumba ilipobadilisha mikono baada ya kifo.

Baada ya hapo ndipo hifadhi ya nyaraka. Anza na tawi la Mombasa la Hifadhi ya Taifa, kwa kuwa nauli ya Malindi hadi Mombasa unaimudu. Ukilazimika kwenda Nairobi, ni lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue. Utajiandikisha kuwa msomaji, utalipa ada ndogo, na mafaili ya miaka ya 1930 yamefunguliwa siku nyingi. Nenda umeshajua unachotaka: alama za DC/LAM ni za wilaya ya Lamu, PC/COAST ni za mkoa wa Pwani, PC/NZA ni za Nyanza, na DC/NN ni wilaya ambayo siku hizo iliitwa Kavirondo ya Kaskazini, makao yake Kakamega. Usianze na mafaili ya migodi. Anza na yale yenye vichwa vya mali za wenyeji waliofariki, kwanza upande wa Lamu, kisha upande wa Kakamega, ukitafuta barua ileile moja katika nakala zake mbili. Upande mmoja ukiwa umeliwa na mchwa, wa pili huenda umesalimika. Nasema hivi pia kwa sababu afisi kuu ya serikali Nairobi iliungua mwaka 1939 na karatasi nyingi zikateketea. Mara nyingi nakala ya wilayani ndiyo pekee iliyobaki.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Gazeti rasmi la serikali la miaka hiyo linasomeka bure kwenye intaneti, na unaweza kulitafuta kwa neno. Lina matangazo ya mirathi, ingawa mengi ni ya Wazungu, Wahindi na baadhi ya Waarabu. Magazeti ya East African Standard na Mombasa Times yatakufaa ikiwa walikufa watu kadhaa. Baraza, la Kiswahili, lilianza 1939, limechelewa. London, kwenye hifadhi yao ya Kew, barua za gavana wa Kenya ziko chini ya CO 533 na ripoti za idara chini ya CO 544. Katalogi yake ni bure kwenye intaneti, lakini sikushauri utoe hata senti mpaka uwe na mwaka na, ukibahatika, jina la kampuni. Ukilipata jina hilo na ikawa kampuni iliandikishwa Uingereza kisha ikafungwa, tazama na BT 31, mafaili ya kampuni zilizofungwa.

Kaburi. Mwislamu akifa Kakamega wakati ule, wa kumwosha na kumzika walikuwa nani? Watu hukimbilia kufikiri alitupwa tu pembeni ya shimo. Lakini mwendo wa saa chache kutoka pale uko Mumias, mji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ambapo misafara ya watu wa mwambao ilikuwa ikipumzika njiani kwenda Uganda tangu karne ya 19. Walikaa, wakaoa, wakajenga misikiti, na mpaka leo Uislamu una mizizi Mumias. Mumia mwenyewe aliishi mpaka 1949. Fundi wa Lamu aliyefika upande ule hakukosa kuwatafuta watu wanaosema lugha yake na kuswali naye Ijumaa, na akifa ndio wangeitwa. Kwa hiyo swali lako la kaburi lipeleke kwa maimamu na wazee wa misikiti ya zamani ya Mumias na ya Kakamega mjini. Usiulize jina kwanza. Uliza kama kuna mahali palipozikwa watu wa pwani waliokuja wakati wa dhahabu. Kaburi lenye jina sikuahidi, ila uwanja waweza kuupata.

Nimebakiza jambo moja ambalo hutalipenda. Barani huko wanaume wengi wa pwani wamemezwa bila msaada wa mgodi wowote. Wengine walikufa kwa homa ya mapafu au malaria kambini, na habari ilipofika nyumbani ikawa ajali, kwa kuwa ajali inasimulika. Wengine hawakufa, walioa Mumias au Kisumu wakanyamaza, na mwenzao aliyerudi akawasitiri kwa hadithi ya shimo. Kwa babu yenu mimi sielekei huko, na sababu yangu ni lile sanduku. Fundi aliye hai haachani na randa yake na msumeno wake. Hata hivyo, ukiwa Mumias, wasikilize wazee wakikutajia ukoo wenye jina la Lamu, wala usikimbilie kumpigia nyanya simu siku hiyohiyo.

Kwa sasa fanya hili tu: wiki hii kaa na nyanya, mmoja wenu arekodi kwa simu, na umwache aseme kwa mpangilio wake hata akizunguka. Mwulize nani alileta sanduku mlangoni. Kama alifika mtu, taka jina lake na mtaa wake. Kama waliitwa kwa liwali au kwa kadhi, taka kujua nani alikwenda kupokea, kwa sababu sahihi au dole gumba la huyo ndilo tutakalolitafuta. Na ule ukurasa wa msahafu upige picha mzima, pamoja na mistari ya juu na ya chini yake, uniletee.